CHUPA ILIYOTOKA SHIMONI NYARUGENGE



Jumatatu moja jioni, tukiwa tunafunga ofisi ya chama, aliingia ndugu mmoja wa kiwandani huko Masoro akiwa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Tulidhani kaja na barua ya kuachishwa kazi, kwani wiki hizo barua za namna hiyo zilikuwa nyingi. Akafungua gazeti juu ya meza: chupa. Chupa nzito ya kijani kilichokolea hata kukaribia weusi, bado ina udongo shingoni, na kitako chake kimebonyea kwa ndani kama kilichopigwa ngumi.

Ndugu huyu siku za kazi yuko kwenye mashine. Jumamosi na Jumapili huwachimbia watu misingi na mashimo ya choo, kwa sababu mshahara mmoja hautoshi, na jambo hilo si geni kwa msomaji wa kurasa hizi. Chupa aliikuta kwenye mteremko wa Nyarugenge, ndani ya shimo lililokwisha fika kimo cha mtu, katikati ya majivu na vigae vya sahani. Swali lake lilikuwa fupi: "Wazee, hii ni mali au si mali?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mtu mmoja wa mjini alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha za chupa za zamani zinazouzwa Ulaya, nyingine kwa bei ya mbuzi, nyingine kwa bei ya ng'ombe, na akamwahidi kununua kila atakayoleta. Sisi hatukuwa na jibu. Tulimwomba atuachie chupa kwa wiki mbili tuulize na tusome. Haya ndiyo tuliyoyapata, pamoja na jambo moja ambalo hatukulitafuta.

Kwanza, habari yenyewe ni ya kweli. Huko Uingereza na Marekani wako watu wengi, na wengi wao ni wafanyakazi na wastaafu, ambao pumbao lao la Jumapili ni kuchimba majaa ya kale kutafuta chupa. Marekani pumbao hili lilienea katika miaka ya 1960, na Uingereza katika miaka ya 1970. Wengine hucheza karata, wengine hufuga njiwa. Hawa huchukua sululu, sepetu na uma wa bustani, wakashinda shimoni mpaka jua linapokuchwa.

Majaa ya Uingereza yana chupa nyingi kwa sababu ya makaa ya mawe. Katika karne ya 19 kila nyumba ya mjini ilikuwa inachoma makaa, na majivu yakakusanywa kwa mikokoteni pamoja na kila kilichovunjika au kilichokwisha kazi, yakamwagwa kwenye mabonde na machimbo ya zamani nje ya mji. Plastiki ilikuwa haijazaliwa. Dawa, wino, siki, soda, bia, hata sumu ya panya, vyote vilikuja ndani ya kioo au chupa ya udongo wa kuchomwa. Kioo hakiozi, na majivu ni laini. Basi chupa ikalala humo miaka 100 na zaidi bila ufa. Marekani wao hupenda zaidi mashimo ya vyoo vya zamani. Huko ndiko mume alikokuwa akitupa chupa ambayo hakutaka mkewe aione, na leo mgeni anaichimbua na kuijua siri yake.

Chupa moja inayopendwa sana ni ile ya Mwingereza Hiram Codd, aliyoipatia hati ya uvumbuzi miaka ya 1870. Haina kizibo. Ndani ya shingo mna gololi ya kioo, na nguvu ya gesi ya soda huisukuma gololi juu ikaziba mdomo. Nzima si nyingi kama zilivyotengenezwa, kwani watoto walizivunja ili wapate gololi za kuchezea. India mpaka leo soda ya namna hiyo inauzwa barabarani.

Lakini wachimbaji haohao husema kwamba chupa nyingi za kawaida hazina bei. Bei kubwa ni ya chupa adimu, nzima, yenye maandishi ya kiwanda kilichokufa zamani. Anayeonyesha picha kwenye simu huchagua picha.

Sasa turudi kwenye chupa iliyokuwa mezani kwetu. Tulijifunza kuisoma, na hapa tunaomba wasomaji wa viwandani watege sikio, kwa kuwa kinachosomwa kwenye chupa ni kazi ya mikono ya mtu.

Shika chupa yoyote ya soda ya leo. Ubavuni utaona mstari mwembamba, mshono, pale ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Ufuate kwa ukucha kwenda juu. Ukiona umepanda shingo yote mpaka ukakata mdomo wenyewe, chupa hiyo imetoka kwenye mashine. Ukiona umekoma chini ya mdomo, ujue mwili ulipulizwa ndani ya kalibu kwa pumzi ya mtu, kisha mdomo ukatengenezwa kwa mkono na kwa koleo, kioo kikiwa bado chekundu kwa moto. Kanuni hii si msahafu, kwa kuwa wako mafundi waliokuwa wakiizungusha chupa ndani ya kalibu mpaka mshono ukafutika. Tazama pia mdomo wenyewe. Ukiwa umetengenezwa kwa kifuniko cha bati chenye meno, kama cha bia, basi chupa haiwezi kuwa ya kabla ya 1892, kwa sababu ndio mwaka kifuniko hicho kilipovumbuliwa na William Painter wa Marekani.

Chupa yetu mshono wake ulikoma shingoni. Ndani ya kioo mlikuwa na mapovu madogo. Kwa hiyo yuko mtu, katika tanuru ambalo hatulijui, aliyeweka bomba la chuma mdomoni akapuliza, na pumzi yake ndiyo iliyotoa nafasi iliyomo ndani ya chupa hii. Mmoja wetu aliposema hivyo, ndugu mwenye chupa aliichukua akaitazama upya, kama aliyeambiwa kuwa ni ya jamaa yake.

Mtu huyo hakufanya kazi peke yake. Katika viwanda vya vioo vya Marekani, kila kikundi cha wapulizaji kilikuwa na watoto: mmoja wa kufungua na kufunga kalibu, mwingine wa kushika chupa ya moto ili imaliziwe mdomo, mwingine wa kukimbia nayo kwenda kwenye tanuru la kupoza. Walifanya kazi hata usiku, kwa kuwa tanuru halizimwi. Mpiga picha Lewis Hine aliwapiga picha kuanzia mwaka 1908 kwa niaba ya kamati iliyopinga ajira ya watoto, na nyuso zao bado zipo: masizi, na macho ya mtoto aliyekosa usingizi.

Mashine iliyomaliza kazi hiyo ilitengenezwa mwaka 1903 katika mji wa Toledo na Michael Owens. Sikilizeni huyu alikuwa nani. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Yeye mwenyewe aliingia kiwanda cha vioo akiwa na miaka 10, akapanda mpaka akawa mpulizaji, na alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa vioo. Mwenzetu, mwana chama, ndiye aliyeunda mashine iliyowanyang'anya kazi wapulizaji, watu waliokuwa mafundi wa kuheshimiwa na kulipwa vizuri. Na mashine hiyohiyo ndiyo iliyowatoa watoto wengi tanuruni kuliko walivyotolewa na sheria. Hivyo ndivyo wengi walivyosema wakati ule. Je, tumsifu au tumlaumu? Tulibishana ofisini mpaka chai ikapoa. Wenzetu wa viwandani wanaosubiri mashine mpya zije kuwapunguza wana haki ya kuendeleza ubishi huo, nasi hatutaufunga hapa.

Swali lililofuata ni hili: chupa kama hii ilifikaje Kigali?

Mji wetu ni mtoto ukilinganisha na miji hiyo. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mdachi Richard Kandt, na nyumba yake ya Nyarugenge leo ni makumbusho. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Mizigo ilitoka upande wa Ziwa Viktoria juu ya vichwa vya wapagazi, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi, milima hii tunayoijua. Divai ikanywewa usiku mmoja, chupa ikatupwa nyuma ya nyumba. Jina la aliyeibeba halikuandikwa popote. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walikuja na chupa zao, lakini mji ulibaki mdogo: ulipofanywa mji mkuu mwaka 1962 ulikuwa na watu 6,000 hivi, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilipata zaidi ya 1,700,000. Watu 6,000 hawaachi jaa kama la London. Isitoshe, mwananchi wa kawaida alikuwa anaweka pombe na maziwa yake ndani ya kibuyu na chombo cha mti, na kibuyu kikipasuka huoza kikawa mbolea.

Tena kuna jambo la pili, nalo twalijua sote. Kwetu chupa ya bia haitupwi. Tangu kampuni ya Bralirwa ilipoanzishwa mwaka 1957 huko Gisenyi, na ilipofungua kiwanda cha soda hapa Kigali mwaka 1974, chupa imekuwa ya kurudishwa. Ukienda dukani bila chupa tupu unalipia kioo pamoja na kinywaji. Kwa hiyo chupa huzunguka: kiwandani, kwenye kaziye, baa, kwenye kaziye tena, kiwandani. Ile alama nyeupe inayozunguka tumbo la chupa ya Primus ni makovu ya kusuguana na wenzake safarini. Isiyorudi kiwandani haiendi jaani pia. Inawekwa mafuta ya taa, asali au urwagwa, inageuka kipimo cha sokoni. Ikivunjika, vigae vyake vilikuwa vikipachikwa juu ya ukuta kumzuia mwizi. Mzungu humchimba babu yake ardhini. Sisi chupa ya babu bado imo jikoni.

Tulifikiri habari imeishia hapo. Haikuishia.

Wiki mbili zilipotimia, ndugu yetu alirudi akiwa na vijana wawili, sululu mbili na tochi. Yule mtu wa mjini alikuwa amewaambia kwamba shimo la choo ni kazi ya kubahatisha, na kwamba wakitaka chupa nyingi waende kwenye jaa kuu la zamani la mji. Wakaamua kuanza usiku uleule. Tukawauliza, jaa lipi? Wakajibu: Nyanza.

Kwa msomaji wa mbali, mfano nyinyi wa chai kule Mulindi au Shagasha, inafaa tueleze. Hii si Nyanza ya wafalme huko Kusini. Ni Nyanza ya Kicukiro, mlimani, ndani ya Kigali. Huko taka za mji zilitupwa kwa miaka mingi, mpaka jaa likafungwa mwaka 2012 na taka zikahamishiwa Nduba, wilaya ya Gasabo.

Katika ofisi alikuwapo mama mmoja wa kamati yetu. Alikuwa anaandika hesabu za michango. Akaweka kalamu chini. Yeye ana ndugu ambao mpaka leo hajawazika, kwa kuwa hajui walipo.

Vijana hawa watatu wamezaliwa baada ya 1994. Walijua kwamba Nyanza kuna kumbukumbu. Walikwisha kuipita mara nyingi. Hawakuwa wamefikiri kwa nini iko pale. Mama akawaeleza taratibu, bila kupandisha sauti. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji waliondoka katika shule ya ETO Kicukiro, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia kwao. Wauaji wakawakusanya watu hao, wakawatembeza mpaka Nyanza, wakawaua huko. Walionusurika wamesimulia kwamba walipelekwa upande ule kwa sababu ndiko zilikokuwa zikitupwa taka za mji. Ilikuwa ni namna ya kuwaambia wao ni nini. Kumbukumbu ya Nyanza leo imehifadhi miili ya maelfu mengi ya watu, waliotoka pale na sehemu nyingine.

Hakuna aliyesema neno. Kijana mmoja alizima tochi, ambayo alikuwa ameiwasha bila kujua.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba pumbao la Mwingereza haliwezi kuvaliwa hapa kama kofia. Yeye akipiga sululu anatarajia majivu na chupa ya wino. Sisi hatujui. Mwaka 2018 huko Kabuga, Gasabo hiyohiyo, yaligunduliwa mashimo yenye miili ya maelfu ya watu, baadhi yakiwa chini ya nyumba ambazo watu walikuwa wanaishi. Shimo la choo, shimo la taka, kisima kikavu: hizi ndizo sehemu walikotupwa watu. Na yule mnunuzi wa chupa, tunaona ni vema tuseme, hangekuwa shimoni usiku ule.

Jambo hili haliwahusu wenye kutafuta chupa tu. Wanachama wetu wengi huchimba kwa ujira: misingi, mitaro ya maji, mashimo ya nguzo. Kwa hiyo tunasema wazi. Ukikuta mfupa, nguo, kiatu, shanga, kitambulisho, simamisha kazi. Usihamishe kitu, usifukie. Mwite kiongozi wa umudugudu na polisi, nao watawapasha habari watu wa Ibuka. Tunajua msimamizi anaweza kusema, "Fukia, tuendelee, vinginevyo leo hamlipwi." Kibarua wa kutwa mwenye watoto nyumbani anaweza kushawishika, nasi hatumdharau. Ndiyo maana kamati imeamua kudai jambo moja katika kila mkataba wa kazi ya kuchimba tutakaoujadili: siku ambazo kazi imesimama kwa sababu ya kupatikana miili, mchimbaji alipwe kama aliyefanya kazi. Mtu asilazimike kuchagua kati ya mkate wa mtoto wake na mazishi ya mtoto wa mwenziwe.

Tumekutana na upinzani tayari. Tajiri mmoja alituuliza nani atalipia siku hizo. Tukamjibu kwamba mvua ikinyesha siku tatu kazi husimama na jengo lake halifi.

Kuhusu majaa yenyewe, neno moja zaidi. Wako ndugu zetu ambao kuchimba taka kwao si pumbao hata kidogo: wanaokusanya, wanaochambua, wanaotoa chupa na chuma na plastiki ili wauze kwa kilo. Hao wanakatwa na vigae kila siku. Glavu ngumu, buti, na sindano ya pepopunda si zawadi ya kuombewa, ni vifaa vya kazi kama sululu. Tena asiingie mtu shimo lenye kuta za taka bila mihimili. Taka hazishikani kama udongo, na hata huko Ulaya wapo wachimbaji wa chupa waliofukiwa wakafa kwa ajili ya kitu cha kuweka dirishani.

Basi anayependa chupa za zamani afanye nini? Azitafute juu ya ardhi. Nyumbani kwa bibi, chini ya kitanda, kwenye stoo za mashamba ya chai ambako hakuna aliyefagia tangu zamani. Soma maandishi ya kwenye kioo. Ukiona Usumbura, ni kabla ya 1962, maana baadaye ni Bujumbura. Ukiona Léopoldville au Elisabethville, ni kabla ya 1966. Ukiona Zaïre, ni kati ya 1971 na 1997. Kisha muulize bibi iliingiaje nyumbani, nani aliinunua, kwa mshahara wa kazi gani. Andika jibu lake kwenye karatasi, uikunje uiweke ndani ya chupa. Tukipata kadhaa tutazipangia rafu ofisini.

Ndugu wa Masoro hakumpelekea mnunuzi chupa yake. Mwenye shimo la choo alimlipa, choo kimejengwa, hapakupatikana kitu kingine ila majivu. Sululu mbili zimerudishwa kwa mwenyewe. Chupa iko juu ya kabati letu la mafaili, imeoshwa, na mama wa kamati huiwekea ua mwezi wa Aprili. Anayetaka kuiona aje siku za kazi, saa za jioni. Asiulize bei.